Reli ya Nachingwea na Kazi ya Kiangazi

Katika mji wa Nachingwea, mkoani Lindi, kuna kata iitwayo Stesheni. Mgeni anayeshuka kwenye basi la kutoka Masasi au Ruangwa, akisikia jina hilo, aghalabu huuliza treni inapita saa ngapi. Wenyeji hucheka, kisha humwonea huruma, kwa kuwa treni haijapita Nachingwea tangu mwaka 1962. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mzee mwenye wajukuu. Reli zilikwisha kung'olewa, mataruma yakachukuliwa, na kilichobaki ni jina, pamoja na tuta refu la udongo linalopita katikati ya mashamba na vichaka kama mgongo wa mnyama aliyelala.

Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za reli ile, lakini si kwa namna ambayo imekwisha kuelezwa mara nyingi. Wengi walioandika juu ya jambo hili wameandika habari za karanga, na za fedha zilizopotea, na za wakubwa wa London waliopanga mambo wasiyoyajua. Hayo ni kweli tupu, nasi tutayagusa. Lakini reli ina historia yake nyingine, ambayo ni ya mikono: mikono iliyoijenga, na mikono iliyoitunza kila mwaka mvua zisije zikaichukua. Historia hiyo haijaandikwa vya kutosha, na wanaoweza kuisimulia wamebaki wachache sana.

Tuanze na karanga. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 kampuni ya United Africa, kwa kauli ya mkurugenzi wake Frank Samuel, iliipelekea serikali ya nchi hiyo shauri la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Tume iliyoongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo wa Tanganyika, ilipita nchini kwa majuma machache tu na kurudi na mpango wa kufyeka ekari 3,210,000 na kuzigawa katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Zaidi ya nusu ya mashamba hayo yalipangiwa Jimbo la Kusini, na makao yake yakawa Nachingwea. Mahali pengine palikuwa Kongwa na Urambo.

Kongwa na Urambo zilikuwa karibu na Reli ya Kati. Kusini hakukuwa na reli ya namna hiyo, wala bandari ya kina kirefu, wala barabara iliyoweza kuhimili masika. Basi ikaamuliwa vyote vijengwe. Reli yenye upana wa mita moja ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikapanda bara kwa upande wa bonde la Lukuledi hata ikafika Nachingwea mwaka 1949. Baadaye bandari mpya ya Mtwara ilipokamilika, ikaunganishwa na njia ile mahali paitwapo Ruo, na kazi hiyo ikaisha mwaka 1954. Mwishoni mwa miaka ya 1950 tawi jingine likafika Masasi.

Msomaji atazame miaka hiyo kwa makini. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango wa karanga umeshindwa, na kiasi cha pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Mwaka wa kwanza, 1947, ekari 150,000 zilikuwa zimekusudiwa kupandwa huko Kongwa. Zilizopandwa hazikuzidi 7,500. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua hazikuja kwa ratiba ya ofisi, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta vilishindwa na mizizi ya miti yetu. Kwa hiyo reli ya kusini ilipounganishwa na Mtwara, ile karanga iliyojengewa ilikuwa imekwisha kufa miaka mitatu nyuma. Ni kama mtu aliyejenga ghala kubwa, naye siku ya kuezeka paa ana habari kwamba shamba limeungua.

Hata hivyo treni zilipita. Zilichukua abiria, mbao, mkonge, mazao ya wakulima, na mizigo ya wafanyabiashara. Hazikupata mzigo wa kutosha kulipa gharama zake. Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, liliiendesha njia hiyo kwa hasara. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, miongoni mwa mirathi aliyoachiwa mtoto huyu mchanga ilikuwa reli inayokula kuliko inavyozalisha. Mwaka uliofuata ikafungwa.

Hatuandiki haya ili kuilaumu serikali ile changa. Nchi ilikuwa na shule chache, madaktari wachache mno, na barabara zilizokatika kila masika. Kiongozi yeyote aliyepewa hesabu zile mwaka 1962 angepata taabu kutetea injini za moshi dhidi ya vitanda vya hospitali. Lakini jambo la kufunga reli ni moja, na jambo la kuisahau ni jingine. Sisi tuliisahau.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Mtu asiyeijua reli hudhani kwamba ikishajengwa imejengwa. Huona vyuma vizito vimelala juu ya kokoto, akasema: hivi vitakaa milele. Kwa hakika reli ni kitu kinachokufa kila mwaka na kufufuliwa kila mwaka. Kusini mwa nchi yetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hunyesha hadi Aprili, kisha nchi hukauka. Kati ya Mei na Oktoba ndio wakati wa kuifufua reli, kama ambavyo huo ndio wakati wa kuezeka nyumba, kuchimba visima, na kucheza unyago na jando. Anayechelewa mpaka mawingu yafunge amekwisha kushindwa.

Njia hugawanywa vipande, na kila kipande hupewa genge lake lenye mnyapara. Asubuhi mmoja wao hutangulia kwa miguu akitazama na kugonga. Nyundo ikigonga chuma kizima hutoa mlio mmoja. Ikigonga kilicholegea au chenye ufa hutoa mlio mwingine, na sikio lililozoea halikosei. Wenzake hufuata na mitaimbo, sululu, makarai na mabeleshi. Mahali ambapo reli imezama huinuliwa kwa mitaimbo, kokoto hushindiliwa chini ya taruma kwa ncha ya sululu, tena na tena, hata iketi sawa na nduguye wa upande wa pili. Ikipungua upande mmoja kwa kimo cha kidole tu, behewa litayumba, na likiyumba kila siku mahali pale pale, litabomoa zaidi.

Halafu kuna jua. Chuma hurefuka kwa joto, ndiyo maana reli za zamani ziliachiwa nafasi ndogo katika maungio yake, na nafasi hizo ndizo zilizotoa ule mlio wa magurudumu ambao kila abiria aliujua. Nafasi zikijaa taka au zikibanwa, reli ikikosa pa kurefukia hupinda ubavuni kama ufito wa mianzi. Tena kuna mchwa. Mataruma ya mbao katika nchi yetu ni karamu ya mchwa, na kwa sababu hiyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilipendelea mataruma ya chuma. Tena kuna moto. Nyasi za kusini mwezi wa Agosti huwaka kwa cheche moja, na injini ya moshi hutema cheche nyingi. Kwa hiyo pande zote mbili za njia lazima zifyekwe kabla hazijakauka kabisa, la sivyo treni yenyewe itaunguza mashamba ya watu.

Lakini adui mkubwa wa reli ni maji, na hapa ndipo kazi ya kiangazi inapoonyesha maana yake. Tuta la reli hukata njia za maji. Kila kijito, hata kile ambacho wakati wa jua ni mchanga mtupu wa watoto kuchezea, kimewekewa kalvati au daraja chini ya tuta. Kalvati likiziba kwa majani, matawi na udongo, mvua ya kwanza kubwa hukusanya maji upande mmoja. Maji hayana haraka. Hupanda taratibu, hulainisha tuta, kisha usiku mmoja tuta huondoka, na asubuhi reli zinaonekana zimening'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Jambo hili si hadithi. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu vibaya Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Bonde lile limekuwa likiwatesa mafundi wa reli tangu enzi za ukoloni.

Basi mtu aliyeingia kalvatini kwa magoti mwezi wa Septemba, akatoa taka kwa karai, jina lake halikuandikwa popote, lakini ndiye aliyeipitisha treni ya Februari. Huyo ndiye tunayemtafuta katika historia hii.

Alikuwa nani? Alikuwa Mmwera, Mmakua, Myao, Mngindo au Mmakonde. Kabla ya mpango wa karanga wazee wake walikwisha kuzoea kuondoka kwao kwenda kukata mkonge, ama karibu na Lindi, ama mbali huko Tanga. Alilipwa mshahara mdogo. Hakuulizwa kama reli ipite kwao, wala hakuulizwa ilipofungwa. Tukisema kwamba reli ile ilikuwa ya Waingereza tunasema kweli kwa upande wa hati. Kwa upande wa jasho tunasema uongo.

Hapa tunaomba ruhusa ya msomaji tuvuke bahari kidogo, kwa kuwa kuna jambo la ajabu katika tarehe. Katika nchi ya Wales, ambayo ni sehemu ya Uingereza, kuna reli ndogo sana iitwayo Talyllyn. Ilijengwa katika miaka ya 1860 kuteremsha mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya milimani. Machimbo yalipokufa, reli ikabaki inachechemea, na mwenyewe alipofariki mwaka 1950 kila mtu alijua kwamba itauzwa kama chuma chakavu. Lakini mwezi Oktoba mwaka ule watu wachache walikutana mjini Birmingham, mmoja wao mwandishi L.T.C. Rolt, wakakubaliana kuiendesha wenyewe bila mshahara. Tarehe 14 Mei 1951 treni yao ya kwanza ilitembea. Mataruma yalikuwa yameoza kiasi kwamba, kama wenyewe walivyopenda kusema, reli zilishikiliwa na majani. Injini iliyoweza kufanya kazi ilikuwa moja tu, iliyoundwa mwaka 1866.

Huo ulikuwa mwaka ule ule wa 1951 ambao serikali ya nchi hiyo hiyo iliufuta mpango wa karanga.

Talyllyn ingali inaendeshwa hadi leo, na mfano wake umeigwa mahali pengi duniani. Wakati wa joto huchukua watalii. Wakati wa baridi, wageni wanapokuwa hawaji na mvua baridi inanyesha karibu kila siku, hapo ndipo kazi kubwa hufanyika. Walimu, makarani, mafundi wastaafu na wanafunzi huja siku zao za mapumziko, wakavaa makoti, wakabadili mataruma yaliyooza, wakazibua mitaro, wakafyeka vichaka, wakafungua injini na kusafisha mabomba yake ya ndani. Anayekuja wakati wa joto kupanda treni hawaoni. Kwa maneno mengine, wao wana baridi yao na sisi tuna kiangazi chetu, lakini kazi ni ile ile: kuitunza njia wakati ambapo hakuna anayetazama.

Mtu anaweza kutuuliza: je, mnataka mkulima wa Nachingwea aache korosho zake akapige kokoto bure kwa ajili ya reli ya mkoloni? Swali hili ni la haki, na hatutalikwepa. Mtu wa Birmingham aliyejitolea mwaka 1951 alikuwa na mshahara, na Jumamosi yake ilikuwa yake. Reli aliyoiokoa ilijengwa na watu wa nchi yake kwa faida ya watu wa nchi yake, ijapokuwa si wote. Mtu wa kusini alikuwa na kumbukumbu nyingine ya kazi isiyo na malipo. Wakati wa ukoloni asiyeweza kulipa kodi aliweza kupelekwa kufanya kazi, na kazi hiyo nayo aliitwa aifanye kwa ajili ya nchi. Mkono uliolazimishwa jana hauwezi kuambiwa leo ujitolee kwa furaha mahali pale pale, kwa chombo kile kile.

Lakini tusiseme kwamba kujitolea ni jambo la kigeni kwetu. Ujima ni wa kale kuliko reli yoyote. Watu wa kijiji walikusanyika kulima shamba la mgonjwa, kuezeka nyumba ya mjane, kusafisha kisima kabla ya mvua, na mwenye shamba akatoa pombe au chakula, naye kesho akaenda kwa mwenzake. Baada ya Uhuru moyo huo ulijenga madarasa na zahanati nyingi ambazo hadi leo zinatumika. Ni kweli pia kwamba neno hilo la kujitolea lilitumiwa vibaya mahali pengine, likawa jina jipya la amri. Sisi tulio watumishi wa serikali tunalijua hilo vizuri kuliko wengine. Pamoja na hayo, tofauti iko wazi. Watu hutunza kwa hiari kile wanachokiona ni chao.

Na Nachingwea yenyewe inatupa ushahidi. Mashamba ya mpango wa karanga yalipewa namba. Namba nyingi zimesahaulika, lakini Farm 17 inajulikana hata nje ya mipaka yetu, kwa sababu katika miaka ya 1960, karanga na treni zikiwa zimekwisha kuondoka, mahali pale palikabidhiwa kwa FRELIMO pakawa kambi kuu ya mafunzo ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Samora Machel aliishi na kufundisha hapo. Mwezi Mei 1975 alianza kutoka Nachingwea ile safari ya kuvuka Ruvuma na kuipitia nchi yake yote hadi Maputo, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Kongwa nayo, mji mwingine wa karanga, ilipokea wapigania uhuru wa nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Leo sehemu hizi zimo katika orodha ya urithi wa ukombozi wa Afrika. Farm 17 ilipata watu walioifanya kuwa yao, ijapokuwa walikuwa wageni, ndiyo maana inakumbukwa. Tuta la reli, lililo hatua chache tu kutoka historia hiyo, halikumpata mtu.

Majirani zetu wa Kenya walijitahidi zaidi yetu katika jambo hili. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1971, wakati shirika lilikuwa bado la nchi zote tatu. Humo imo injini ya moshi namba 3020 ambayo jina lake ni Nyaturu, kwa kuwa injini za aina ile zilipewa majina ya makabila ya Tanganyika. Mnyaturu wa Singida anayetaka kuiona injini iliyobeba jina la watu wake sharti avuke mpaka. Hatusemi haya kwa wivu. Tunasema ili mwanafunzi ajue kwamba vitu hivi hutunzika.

Tena hapa kwetu pana mfano wa faraja. Njia ya Tanga, Moshi na Arusha ilikaa bila treni ya abiria kwa zaidi ya miaka 20. Miti iliota katikati ya reli, na watu wakajenga vibanda juu yake. Wengi tulisema imekufa. Lakini mwaka 2019 treni ilirudi Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha, baada ya wafanyakazi wa Shirika la Reli kufyeka, kuinua, kushindilia na kuzibua, yaani kuifanya kwa pamoja ile kazi ya kiangazi ambayo haikufanywa kwa miaka mingi. Iliwezekana kwa sababu moja: reli hazikung'olewa. Huko kusini zilichukuliwa, na safari ya kurudi kutoka tuta tupu hadi treni ni ndefu mno. Mpango wa reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay umezungumzwa kwa miaka mingi. Wakati huohuo korosho na ufuta wa Nachingwea na Ruangwa vinakwenda kwa malori. Mzigo uliokosekana mwaka 1962 sasa upo, ila umekuta njia imeondoka.

Sisi wenyewe hatuna mikono safi katika kusahau huku. Zamani, tukiwa vijana kazini, tulipangiwa pamoja na wenzetu kusafisha chumba cha majalada katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Chumba kilihitajika kwa meza mpya. Yalikuwapo majalada ya rangi ya kahawia, yaliyoliwa pembe na mchwa, na katika baadhi yake tuliona orodha za vibarua: jina, kijiji, siku alizofanya kazi, na mahali pa kutia dole gumba. Hatukuyasoma. Tulitia sahihi karatasi ya kuyateketeza, yakachomwa nyuma ya jengo alasiri ile, nasi tukaenda kunywa chai. Hatujui kama yalikuwa ya reli au ya barabara au ya mkonge. Hilo hasa ndilo linalotusumbua, kwamba hatukutazama. Tangu siku hiyo tumetunga mashairi mengi juu ya mashujaa, na huenda majina yao tuliyachoma kwa mkono wetu.

Karatasi zikipotea wanabaki watu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofika Nachingwea alizaliwa mwaka 1929. Hesabu iliyobaki msomaji aifanye mwenyewe. Lakini waliokuwa watoto wakati treni inapita, waliosimama kando ya tuta kupunga mikono, waliouza ndizi na maji stesheni, hao bado wapo katika Nachingwea, Ruangwa, Mtama na Masasi. Wanajua maneno ya kazi ambayo kamusi hazina. Wanajua nyimbo ambazo genge liliimba ili mitaimbo iinuke pamoja, kwa kuwa reli haiinuki kwa nguvu ya mmoja, na wimbo ulikuwa chombo cha kazi sawasawa na sululu.

Kiangazi kimoja tulipata bahati ya kufuatana na walimu wawili wa shule ya sekondari na wanafunzi wao kutembea juu ya kipande cha tuta. Mwalimu alianza kwa kuwauliza wanadhani hiki ni nini. Mmoja akasema ni barabara ya zamani. Mwingine akasema ni bwawa lililopasuka. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, bibi yangu anasema hapa ndipo ilipopita gari la moshi, lakini mimi nilidhani ni hadithi kama zile za sungura."

Tulifika kwenye kalvati lililokuwa limezibwa karibu lote. Juu yake paliota mti, na upande wa juu ardhi ilikuwa na nyufa za mahali maji yanapotuama. Mzee mwenye shamba la jirani akaja kutazama kundi lile linafanya nini. Wanafunzi wakamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasimama kimya kwa muda. Akatueleza kwamba kila masika maji hujaa pale, humharibia mihogo, naye siku zote amedhani ndivyo Mungu alivyopaumba. Mwalimu akamweleza kwamba chini ya udongo ule kuna tundu lililojengwa makusudi. Mzee akacheka, akasema, "Wanangu, kumbe nimelima juu ya mlango."

Hapakuwa na hotuba. Wavulana walikuwa na mapanga mawili na jembe moja. Mzee akaongeza beleshi na karai. Walichimba kwa zamu hadi alasiri, wasichana wakipima na kuandika: urefu wa tundu, upana, aina ya mawe, kimo cha tuta, mti ulioota juu na unene wake. Walitoa udongo, mizizi, ganda la konokono mkubwa, na kipande cha chuma kilicholiwa na kutu ambacho hakuna kati yetu aliyeweza kusema kwa yakini ni nini. Mwalimu akakifunga katika gazeti akakipeleka shuleni. Baadaye tulisikia kwamba kimewekwa juu ya kabati la maabara, na chini yake pameandikwa tarehe na mahali kilipookotwa, na maneno haya: hatujakitambua.

Kazi ile haikuirudisha treni, wala hakuna aliyetarajia hivyo. Juma lililofuata mzee aliitwa shuleni kueleza habari za mwaka alioona gari la moshi kwa mara ya mwisho, naye akaja na ndugu yake mkubwa ambaye hatukujua kama yupo, aliyekuwa amefanya kazi katika genge kama kijana wa kuchota maji. Alizungumza kwa saa mbili. Wanafunzi waliandika katika madaftari ya historia, na pale walipokosa neno waliacha nafasi ili wamwulize tena.

Mvua za kwanza zilianguka katika juma la mwisho la Novemba. Mwalimu alitupigia simu jioni, sauti yake ikikatikakatika kwa ngurumo. Alisema alikwenda hadi tutani na mwavuli kutazama. Maji yalikuwa yanapita chini, upande huu hadi upande ule, kwa njia ile ile waliyochimbiwa mwaka 1949, na mihogo ya mzee ilikuwa imesimama mahali pakavu.